Kisanduku cha Jioni

Wapendwa wa dawati la kumbukumbu,

Siku mliponiaga kwa keki na soda mlinidai kitu kimoja, kwamba niandike jinsi tulivyofanya kazi hapo kabla yenu. Niliitikia huku nikikusudia kuchelewa, kwa kuwa mstaafu hana wa kumwahi. Lakini juzi Jeni amenipigia. Kaniamkia vizuri, kaniuliza hali ya mke wangu na ya ng'ombe, kisha kasema mnasafisha kanzidata ya wafugaji kabla ya kuhamia mfumo mwingine, na kuna kile kisanduku kwenye fomu kilichoandikwa Asubuhi na Jioni ambacho kinafanya nyumba moja ionekane mara mbili. Hakuna anayejua kina kazi gani. Mnataka kukifuta.

Nimeiacha chai ipoe, nimekaa kuandika. Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi, na mshahara mnaujua wenyewe.

Nilifika kiwanda cha maziwa nikiwa na shati jeupe na kiburi cha mtu aliyesomea uchapaji. Nilikuwa nimetoka Machame, nimepanga chumba Sombetini enzi ambazo Sombetini ilikuwa na mashamba mengi kuliko nyumba. Mwenye kiwanda, Bwana Jayanti, ambaye babu yake alianza na duka la vitambaa hapa mjini, alinitazama vidole kama anayenunua ndizi. "Swai," akasema, "utakaa na Mama Eliamani. Yeye akikufukuza, na mimi nimekufukuza."

Mama Eliamani alikuwa Mmeru mfupi mwenye sweta juu ya kanga, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni. Alitunza kadi za wafugaji wote waliotuletea maziwa, kutoka Meru yote hadi Kikatiti, kwenye droo za mbao zilizojaa ukuta mzima. Asubuhi ile hakunionyesha kiti. Alinionyesha droo moja akasema, "Nitafutie Elisante Kaaya."

Nilimtafuta, nikawapata tisa. Nikamuuliza, "Yupi, mama?"

"Sasa umeanza kazi," akasema, akanivutia kiti.

Kazi yenyewe ilikuwa hiyo tu, kujua nani ni nani. Huku mlimani majina ya ukoo ni machache na watu ni wengi. Mtu alijiandikisha kituo cha juu kwa jina la ubatizo, akahamia kituo cha chini akajiandikisha kwa jina la nyumbani, na mwaka uliofuata kadi ilipolowa mvua akaja kuchukua nyingine kwa jina la utani ambalo kijiji kizima kilimwitia. Kadi tatu, mtu mmoja. Ugonjwa wa ndama ukizuka, dereva wa kupeleka dawa anapewa majina matatu na anazunguka kijiji mara tatu akitafuta watu wawili wasiokuwepo.

Mama Eliamani hakuitupa kadi hata moja kwa kudhani. Kwenye droo yake ya juu kulikuwa na sindano na uzi mweusi. Akizishuku kadi mbili kuwa ni za mtu mmoja, alizishona pamoja pembeni kwa mshono mmoja tu, akazirudisha. Maana yake: hapa pana swali. Kisha anauliza. Zamani aliuliza kwa kumtuma dereva wa gari la maziwa, baadaye kwa simu. Akishapata jibu anakata uzi, anaandika nyuma ya kadi alichojibiwa, na hapo ndipo kadi moja inatoka au zote mbili zinabaki.

"Kadi mbili zinaweza kuwa mtu mmoja," alikuwa akiniambia. "Ila usiseme wewe. Mwache mwenyewe aseme."

Msikieni akipiga simu. "Halo? Hamjambo hapo, baba? Watoto je? Mama mkwe mguu umepona? Ng'ombe amezaa? Dume? Pole. Mvua imeshuka huko?" Dakika tano nzima. Nami nimekaa kando na kalamu mkononi nikisubiri neno moja la kuandika. Siku moja nilimuuliza kwa nini asianze na swali lenyewe. Akanitazama juu ya miwani. "Ukianza na swali, Swai, mtu anajibu kama yuko polisi. Kuuliza si ujinga, ila kuna kuuliza na kuuliza."

Zilipofika simu za mkononi mambo yalinoga zaidi. Pale Kikatiti kulikuwa na mwenye duka ambaye namba yake waliiandikisha nusu ya wafugaji wa kituo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na simu na umeme wa kuichaji. Ukipiga anapokea huku akipima sukari, anasema, "Maziwa hao? Mnamtaka yupi leo?" Kompyuta ingekuwa na mdomo ingesema wote wale ni mtu mmoja. Mama Eliamani alicheka hadi akavua miwani.

Nazitamani sauti zile. Nasema wazi maana sina wa kumwonea haya tena. Nimestaafu nikiwa na viungo vizima na usingizi mzuri, lakini ikifika saa nne asubuhi mkono wangu unatafuta simu ya mezani ambayo haipo. Nilijua ng'ombe wa watu kwa majina. Nilijua mvua imefika wapi kabla ya redio kutangaza. Kuna watu nilizungumza nao miaka ishirini ambao nikipishana nao sokoni siwajui sura, mpaka wafungue kinywa.

Sasa nije kwenye kisanduku.

Kwa miaka mingi tulipokea maziwa ya asubuhi tu. Kisha Bwana Jayanti akaweka tangi la kupoozea pale Kikatiti, na kituo kikaanza kupokea na ya jioni. Miezi miwili haikupita, wakaanza kuja wanawake kujiandikisha. Wengine walikuja na majina yao, wengine waliandikwa Mama fulani, wote wana laini zao za simu wenyewe.

Jeni, wewe umezaliwa mjini, kwa hiyo nieleze. Kwetu Machame, na hapa Meru nyumba nyingi ni vivyo hivyo, maziwa ya asubuhi ni ya nyumba, yaani ni ya baba. Ya jioni ni ya mama. Ng'ombe ni yule yule, chuchu ni zile zile. Hakuna aliyeyaandika mahali popote, na hakuna asiyejua. Mama anakamua, anatoa ya watoto, yanayobaki anayapeleka anakokujua, na kinachotokana nayo ni chake. Baba haulizi. Mama yangu alikuwa akitoka na kibuyu chake kwa nyuma, katikati ya migomba, jua likiwa limelala kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani. Baba wakati huo alikuwa akigeuza kigoda chake kutazama Kibo. Kila jioni. Nilikua nikidhani baba yangu anaupenda sana mlima.

Kwa hiyo nilijua. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Asiyejua angesamehewa.

Mama Eliamani alistaafu akarudi kwake mlimani, akaniachia sindano na uzi. Mwaka uliofuata mfumo mpya ukaja, pamoja na kijana kutoka Dar, Fredi, mwerevu na mcheshi, aliyenywa soda nyingi kuliko maji. Mfumo ulitaka orodha safi. Ulikuwa ukipanga majina jozi jozi, moja kushoto, jingine kulia, katikati kitufe cha kuunganisha. Mfumo ukiwa na hakika kwamba wawili ni mmoja, uliizungushia jozi rangi ya kijani. Nami nilipewa hadi Ijumaa.

Jumatatu nilipiga simu kwa kila jozi. Salamu zote, mama mkwe, mguu, mvua. Jumanne nikapiga kwa zile zenye shaka tu. Jumatano nikaona simu zinanichelewesha. Kila ng'ombe ana hereni sikioni yenye namba yake, na namba ile iko kwenye fomu. Jozi yenye nyumba moja, kituo kimoja na hereni moja ilikuwa ya kijani kama majani ya mgomba, ningeuliza nini tena? Nilibonyeza. Nilibonyeza Alhamisi nzima, na Ijumaa saa nane mchana nilikuwa nimemaliza. Fredi alinipigia makofi. Namba ya simu iliyobaki kila mara ilikuwa ya yule aliyejiandikisha kwanza, na aliyejiandikisha kwanza, kama mnavyoweza kukisia, alikuwa baba.

Nilikwenda nyumbani nikijisikia mwepesi.

Wiki zilizofuata maziwa ya jioni yalianza kupungua. Tangi la Kikatiti lililokuwa likijaa likawa linafika nusu, halafu chini ya nusu. Bwana Jayanti aliita kikao akasema ni ukame. Mvua wakati huo ilikuwa inapiga bati juu ya vichwa vyetu hata ikabidi aseme kwa sauti, nasi wote tukaitikia kwamba kweli, ukame.

Kisha akaja Ruth Mbise.

Alikuwa mwanamke wa makamo, kanga mbili safi, viatu vya kanisani. Alipanda ngazi polepole akasimama kaunta. Tukasalimiana, akaulizia kazi, nikaulizia nyumbani. Halafu akasema, "Baba, nimekuja kuuliza kama nimekufa."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Hapana, mama. Kwa nini?"

"Kituoni wanasema simo. Nilikuwa nikipeleka maziwa yangu ya jioni, ujumbe wa simu unakwenda kwa mume wangu." Akafungua pindo la kanga, akatoa kadi yetu ya zamani, ile ya karatasi ngumu, akailaza kaunta. "Hii si yangu?"

Ilikuwa yake. Nikamwomba akae, nikaagiza chai, naye akanieleza bila kupandisha sauti hata mara moja. Mume wake, Naftali, macho yake hayasomi tena maandishi madogo. Simu yake husomewa na mdogo wake. Jioni moja wamekaa uani ndugu wote, simu ikalia, shemeji akasoma kwa sauti: maziwa yako ya jioni yamepokelewa, lita nne. Jioni ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, ndugu wakauliza: hayo ya jioni yanakwenda wapi, wakati nyumba ya shemeji haina paa? Ukoo ukakaa, ukaamua. Maziwa ya jioni yakapangiwa paa.

"Nami nilikuwa namsomeshea Upendo," akasema. "Binti yangu. Yuko chuo cha ualimu. Alikuwa. Sasa amerudi nyumbani, ananisaidia kukata majani."

Nikamuuliza kama anaendelea kukamua jioni.

"Simkamui. Namwachia ndama."

Ndama wa nyumba ile, niliambiwa baadaye, alinenepa msimu ule hata majirani wakaja kumtazama. Lakini siku ile sikuona cha kuchekesha. Niliona tangi la Kikatiti likiwa chini ya nusu, nikajua Ruth si peke yake. Yeye ndiye tu aliyekuwa na nauli na ujasiri wa kupanda ngazi zetu.

Nikaenda stoo tulikozihamishia zile droo za mbao. Nikaitafuta kadi ya Naftali Mbise, nikaitoa, nikaiweka kando ya ile ya Ruth. Pembeni kila moja ilikuwa na matundu mawili madogo ya sindano. Zilikuwa zimewahi kushonwa. Nyuma ya kadi ya Naftali, kwa mwandiko niliokuwa naujua kuliko wangu, paliandikwa: *Nimeuliza. Ni wawili. Ng'ombe mmoja. Asubuhi baba, jioni mama. Usishone tena.*

Nilikaa chini kwenye gunia. Kazi yote ilikuwa imeshafanywa. Swali lilikuwa limeshaulizwa, jibu limeshaandikwa, na mimi nilikuwa mita kumi kutoka kwenye jibu nikibonyeza kitufe. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na kama Mama Eliamani angekuwa mle stoo, ningelia mbele yake.

Nilirudi nikamwambia Ruth ukweli. "Ni mimi, mama. Niliwaunganisha. Sikupiga simu." Akamaliza chai yake. "Basi utanitenganisha," akasema.

Si rahisi hivyo. Nilimwita Fredi. "Mzee, ukishaunganisha ndo basi tena," akasema, akikuna kichwa. "Na nikimuingiza upya mfumo unamkataa. Ile hereni ishapata mtu." Maji yakimwagika hayazoleki, na mfumo ule ulitengenezwa na watu walioamini methali hiyo kupita kiasi.

Nikazichukua kadi mbili nikaenda kwa Bwana Jayanti. Nilieleza yote, pamoja na kisa cha ukame. Alizigeuza zile kadi, akasoma mwandiko wa Mama Eliamani, akapitisha kidole kwenye matundu. Nilisubiri anifukuze.

"Mama yangu alikuwa anatengeneza achari," akasema mwishowe. "Anauzia majirani kwa mlango wa nyuma. Baba yangu alikaa dukani mlango wa mbele miaka yote ile, na hajawahi kuona mteja hata mmoja." Akanirudishia zile kadi. "Swai, kwa nini hukupiga simu?"

"Nilikuwa na haraka, bwana."

"Fredi atengeneze nafasi. Hereni moja, watu wawili. Asubuhi mmoja, jioni mwingine. Na wewe uwarudishe wote, mmoja mmoja."

Hicho ndicho kisanduku chenu.

Kilichukua miezi kukamilika, na kuwarudisha wenyewe kulichukua zaidi. Fikirieni nilivyobanwa: namba za akina mama nilikuwa nimezifuta kwa mkono wangu, na kuwapigia akina baba kuulizia maziwa ya jioni kungekuwa kuwaharibia mara ya pili. Miaka yote kazi yangu ilikuwa kuuliza, na nyumba zile zilisimama kwa kutoulizana. Basi nikawa naondoka mchana na gari la maziwa, nakaa kituoni jioni karibu na tangi, namsubiri kila mama anayekuja na ndoo. Wengine walirudi. Nyumba sita sikuwahi kumpata mama mwenyewe, na majina yao ninayo kichwani, sitayaandika hapa.

Jumamosi moja, Ruth akiwa amesharudi kwenye orodha, nilipanda hadi kwake kumwomba radhi mumewe. Naftali alinikaribisha uani, akaniletea maziwa ya mgando kwenye kikombe kikubwa, akaniambia ninywe kwanza. Nilipomaliza maneno yangu alitabasamu kidogo.

"Wewe ni Mchagga," akasema. "Una mama?"

"Alishafariki, baba."

"Basi unajua. Mimi nilikuwa najua siku zote. Ng'ombe wangu, nisijue ametoa nini? Lakini nilikuwa najua mwenyewe, humu." Akajigusa kifuani. "Mmekuja mkaniambia kwa simu, ndugu zangu wakasikia. Mtu akishaambiwa mbele ya watu hawezi tena kusema hajui. Mama Upendo alikuwa anamsomesha mtoto kwa maziwa. Mimi nilikuwa namsomesha kwa kunyamaza. Mkaninyang'anya."

Upendo alirudi chuoni, mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Mwaka ule sikuweza kumrudishia.

Nikiteremka kurudi barabarani ndipo nilipomwona baba yangu. Simaanishi njozi. Nilimkumbuka tu, kigoda chini ya mkono, akikigeuza. Viatu vyangu vya shule, daftari, nauli ya kwenda kusomea uchapaji, vyote vilipita katikati ya migomba ile na mama yangu, jioni, nami nilimshukuru mama kidogo na baba sikumshukuru kabisa. Nilidhani yeye anatazama mlima. Wote wawili walishaondoka kabla sijaelewa. Natamani niwapigie simu. Ningeanza na salamu zote, mguu, mvua, ndama, dakika tano nzima, na mwisho wa salamu sidhani kama ningeuliza kitu.

Basi, Jeni na wenzako, safisheni. Wapo wafugaji mlio nao mara nne, wanastahili kuwa mara moja, na huo ni wema pia. Sindano na uzi nimeviacha droo ya juu kushoto, chini ya stepla. Ila jozi yenye hereni moja na nyakati mbili iacheni ilivyo, hata iwe ya kijani namna gani.

Mtafika kwenye Swai wa Olasiti. Nyumba moja, ng'ombe mmoja, laini mbili. Wa asubuhi ni mimi. Wa jioni msiniulize.

Ninapoandika hapa saa kumi na mbili inakaribia, na nasikia ndoo ikitoka jikoni. Nimegeuza kiti kuelekea Meru. Leo kuna mawingu tangu asubuhi, mlima hauonekani hata kidogo, nami nautazama.